Vipele vimejipanga kama mshono wa kuchomelea: ni ugonjwa au ndivyo nilivyoumbwa?

Fundi_Kariobangi, Jumamosi, saa tano usiku

Wadau, habari za wikendi. Nimejiunga leo kwa ajili ya swali hili moja tu, kwa hivyo msihangaike kutafuta nilichowahi kuandika, hakuna.

Mimi ni mwanamume wa miaka 29, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light Industries, nakaa Umoja. Kwetu ni Siaya, na mnajua kwetu mila haikuwa kisu bali kung'oa meno ya chini, na hata hayo babangu alikataa ning'olewe. Basi nimeishi na govi langu hadi Aprili mwaka huu nilipoamua mwenyewe kutahiriwa. Wiki sita za kukaa mbali na mwanamke nilizihesabu siku kwa siku, kidonda kikapona vizuri.

Shida imekuja baada ya kupona. Sasa kila kitu kiko wazi, ninaona sehemu ambazo zamani nilikuwa naosha tu bila kuangalia. Ukingo wa kichwa cha uume umezungukwa na vipele vidogo sana, kila kimoja kama kichwa cha pini, rangi ya ngozi lakini vyeupe kidogo. Haviumi, haviwashi, havitoi maji. Mnisamehe kwa lugha ya kazi, lakini vimepangwa safu mbili kama mshono wa fundi anayejua kazi yake. Vyote saizi moja, nafasi moja. Nimevitazama kwa tochi ya simu hadi betri ikaisha.

Kuna mengine mawili. Kwenye shina, upande wa chini, nikivuta ngozi naona vidoa vya manjano hafifu, kama chenga za mchele zimelala chini ya ngozi. Halafu huku juu kwenye kinena, ninaponyoa kwa wembe, mwezi uliopita vilitokea vitatu ambavyo ni tofauti kabisa: vikubwa kidogo, vinang'aa, na katikati kila kimoja kina kashimo kama kitovu. Hivi nilidhani ni nywele zimerudi ndani.

Mchumba wangu ni msusi, yuko Donholm. Aliviona wiki jana, akanyamaza. Msusi akinyamaza ujue kuna jambo.

Jumatano nikaenda kwa kemisti mmoja hapa mtaani. Sikumwonyesha kitu, nilimweleza kwa sauti ya chini nikiwa nimeinama dirishani, nyuma yangu kuna mama na mtoto anakohoa. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema ni masundosundo, vile vinyama vya zinaa, akaniuzia chupa ndogo ya dawa ya kahawia kwa shilingi 1,500, nipake asubuhi na jioni hadi vianguke vyenyewe. Chupa iko juu ya meza ya TV, sijaifungua. Kazini tukishika dawa ya kula kutu tunavaa glavu, na hii nimeambiwa niiweke pale.

Kwa hivyo: je, ni kile kisu cha Aprili kilichoniletea haya? Ni mchumba? Ama nipake tu?

Kijana_Rongai, Jumamosi, saa sita kasoro

Msee, hiyo ni uchafu wa miaka 29 umeganda. Paka dawa ya meno siku tatu. Kuna jamaa tulikuwa naye hosteli alizifunga na uzi zikakauka zikaanguka.

Mama_Wawili, Jumapili, saa moja asubuhi

Kijana, hayo ya uzi nenda ukayafanye wewe kwanza halafu uje utuambie.

Fundi ndugu yangu, hiyo chupa usiifungue. Naijua. Mimi ni mwanamke na sina unachoeleza wewe, lakini nilipitia njia hiyo hiyo na nitakueleza bila aibu kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Nilikuwa na miaka 24, mimba ya kwanza. Siku moja naoga nikahisi kwa kidole kitu kama nyuzi za taulo, ndani ya midomo ya uke, pande zote mbili. Nikapiga magoti juu ya kioo, kweli, vijinyama laini vidogo vya waridi, vingi. Nikaenda kwa kemisti, mtaa mwingine kabisa ili nisionekane, nikapewa dawa ya kahawia kama yako. Nilipaka usiku mmoja. Usiku wa pili nikapaka tena kwa sababu nilikuwa mkaidi. Siku ya tatu sikuweza kukaa kwenye kiti cha matatu, nilisimama kutoka Langata hadi mjini, na konda ananiuliza mama kwani kiti kina nini.

Kliniki ya wajawazito ndiyo iliyonitoa machozi mara mbili: kwanza kwa maumivu, pili nilipoambiwa sikuwa na ugonjwa wowote. Yule muuguzi alichukua muda akanieleza. Vijinyama vyangu kila kimoja kilikuwa na mzizi wake, vimesimama peke yake, na upande wa kushoto ulifanana na wa kulia. Masundosundo huwa na tabia ya kushikana chini, shina moja na vichwa vingi, kama koliflawa, na hayajali kushoto na kulia. Akaongeza kuwa dawa ile ya kahawia mjamzito haruhusiwi kabisa, hata angekuwa na masundosundo ya kweli. Mtoto yuko gredi ya tano sasa, anasumbua vizuri tu, lakini miezi iliyobaki niliimaliza kwa hofu ambayo haikuwa na haja.

Tafuta mtu akuangalie. Akuangalie kwa macho, si kwa kusikiliza dirishani.

Afisa_wa_Zamu, Jumapili, saa nane mchana

Mimi ni afisa wa kliniki, nimefanya kazi kwenye vyumba vya magonjwa ya zinaa kwa miaka kadhaa hapa Nairobi. Si daktari, ingawa Kenya kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Siwezi kukutibu kupitia maandishi, lakini umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu, kwa hivyo nitajibu kwa mfano wako mwenyewe.

Fundi akichomelea, kuna mshono na kuna yale matone ya chuma yanayoruka na kugandia popote. Mshono uliukusudia. Matone hukuyaalika. Ukiangalia ngozi ya huko chini, swali la kwanza ni hilo hilo: hivi vimepangwa, au vimetapakaa?

Safu zako mbili ukingoni, saizi moja, rangi ya ngozi, laini, bila maumivu, zote zikifuata mduara wa kichwa: hayo ni maumbile. Wanaume wengi wanavyo. Tafiti mbalimbali zimevipata kwa wanaume kati ya 14 na 48 katika kila 100, na vinaonekana zaidi kwa wasiotahiriwa. Hujitokeza kuanzia ujana, na kadiri umri unavyosonga huelekea kufifia. Haviambukizi mtu, havitokani na uchafu, na havitoki kwa kusugua. Kisu cha Aprili hakikuvileta, kilivifunua. Kumbuka pia kovu la tohara liko nyuma kidogo, kwenye ngozi ya shina. Vipele vyako viko kwenye ukingo wa kichwa chenyewe, na huko kisu hakifiki. Nimewaona vijana wengi waliotahiriwa wakubwa wakirudi na swali hili, hasa tangu kampeni ya tohara ya hiari ilipoanza mwaka 2008. Mtu anakutana na mwili wake kwa mara ya kwanza akiwa na ndevu.

Chenga za mchele chini ya ngozi ya shina ni tezi za mafuta. Kwa kawaida tezi kama hizo hutoa mafuta kwenye shimo la unywele. Hizi hazina unywele, kwa hivyo zinaonekana kama vidoa, milimita 1 hadi 3. Jiangalie kwenye kioo, ukingo wa mdomo wako wa juu, huenda ukaziona na huko. Zilipewa jina la daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, aliyezieleza mwaka 1896, na watu wazima wengi wanazo, wanaume kwa wanawake. Usizibinye. Wanaozibinya hupata kidonda, halafu wanakuja kwangu na ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Sasa vile vitatu. Hapo ndipo ningeweka tochi. Kipele kinachong'aa kama lulu na chenye kitovu katikati si nywele. Nywele iliyorudi ndani huwa nyekundu, inauma, ina usaha, na mara nyingi unauona unywele wenyewe umejikunja. Sisi wenye nywele za kipilipili tunaisumbukia sana, kila wembe ukipita. Lakini kitovu ni alama ya kirusi kimoja cha ngozi, jamii ya virusi vya ndui, ingawa hiki ni kipole. Kinapita ngozi kwa ngozi, kwa taulo, kwa wembe. Watoto hukipata kwa kucheza tu. Kwa mtu mzima akikipata kwenye kinena, mara nyingi ni kwa kujamiiana, na kondomu haifuniki kinena. Huchukua kati ya wiki mbili na miezi sita kujitokeza, kwa hivyo usikimbilie kuhesabu nani alilala na nani mwezi gani, hutapata jibu.

Habari njema: kwa mtu mwenye kinga nzuri huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kinaweza kugandishwa au kukwanguliwa na anayejua. Habari isiyo njema: wembe. Kila ukinyoa juu yake unapanda mbegu kwenye shamba jipya. Acha kunyoa hapo.

Na kwa sababu vikitokea vingi, au vikubwa, au usoni kwa mtu mzima, huwa dalili kwamba kinga imeshuka, tunapima HIV kila mara. Vitatu havimaanishi hivyo. Lakini pima. Tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Hiyo 40 iliyobaki bado ni yako.

Kuhusu masundosundo yenyewe, ambayo yule wa dirishani alikupa bila kukuona: husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, karibu yote na aina mbili, ya 6 na ya 11. Hizo si zile aina za 16 na 18 zinazohusika na saratani nyingi za mlango wa kizazi, watu huzichanganya. Huota bila mpangilio, yana sura ya kukwaruza, hushikana, hukua. Yanaweza kutokea wiki kadhaa au miezi mingi baada ya kuambukizwa. Dawa ya kahawia, kama ni ile ninayoifikiria, ni utomvu wa mmea unaoua seli. Hupakwa na mhudumu, kwenye kinyama chenyewe tu, na huoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Kuipaka asubuhi na jioni kwenye ngozi nzima iliyopona tohara juzi... hapana. Hisia yako ya glavu ilikuwa sahihi.

Malengelenge unayajua ukiyapata: vijipovu vingi kwa pamoja, vinachoma, vinapasuka kuwa vidonda. Na kama usiku unajikuna hadi majirani wanasikia, na ndani ya nyumba kila mtu anajikuna, huo ni ugonjwa wa upele, ule wa vidudu vya ngozini, nao hupenda sana kwenye uume na mfuko wa korodani.

Mzee_wa_Maabara, Jumapili, saa mbili usiku

Afisa ameeleza vizuri, ila ameruka kaswende, na mimi nikiruka kaswende sitalala.

Nilifanya kazi maabara miaka hiyo ambapo kliniki ya jiji pale River Road ilikuwa inajaa kabla ya saa mbili asubuhi. Ugonjwa uliokuwa ukitawala ulikuwa pangusa. Kidonda laini, kinauma vibaya, na mtoki unavimba hadi mtu anatembea kama amebeba kiti katikati ya miguu. Ilikuwa nyingi hapa Nairobi kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuja kushirikiana na wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1980 kwa sababu yake, na kutoka hapo wakajikuta kwenye utafiti wa ukimwi ambao dunia nzima iliusoma. Leo pangusa ni nadra. Vijana wa maabara wanaisoma vitabuni.

Lakini pangusa ilikuwa na ukarimu mmoja: iliuma. Mtu alikuja. Kaswende haiumi. Huanza na kipele kimoja, kigumu ukikishika, kama kitufe kimeshonwa ndani ya ngozi, kisha kinakuwa kidonda safi kisicho na maumivu. Kati ya siku 10 na 90 tangu kuambukizwa, wastani wiki tatu. Kikikaa wiki tatu hadi sita kinapona chenyewe. Mwenye nacho anasema ile dawa ya mitishamba imefanya kazi, anamnunulia mganga kuku. Mdudu yuko ndani ya damu anazunguka. Baadaye vinakuja vipele kwenye viganja na nyayo, na huko chini vinyama bapa vyenye majimaji, ambavyo nimeona vikiitwa masundosundo na kupakwa dawa hiyo hiyo ya kahawia. Na tiba yake katika hatua hizo za mwanzo ni penisilini, sindano ya yuniti milioni 2.4 kwa siku moja, basi.

Kwa hivyo Fundi, ukienda, usiridhike kuambiwa mshono wako ni mzuri. Toa tone la damu.

Na wewe wa dawa ya meno, mjukuu wangu, shikamoo yako sijaisikia.

Kijana_Rongai, Jumapili, saa mbili na nusu

Shikamoo mzee. Nimefuta hiyo ya uzi kichwani mwangu.

Fundi_Kariobangi, Jumapili, saa nne usiku

Asanteni sana, hata sijui nianzie wapi. Afisa, nimeenda kwenye kioo. Mdomo wa juu, zipo. Miaka 29 sijawahi kuziona.

Ila mchumba nimwambieje? Nikimwambia kuna kirusi atasema nimemletea. Nikisema si kitu atasema namficha. Na yeye ananyoa pia.

Afisa_wa_Zamu, Jumapili, saa nne na nusu

Usimweleze matokeo ambayo bado huna. Mwambie unaenda kuangaliwa na ungependa aje. Anayekuja pamoja nawe husikia kwa masikio yake, na hiyo inapunguza kesi. Mpaka muangaliwe, kila mtu na taulo lake na wembe wake.

Mama_Wawili, Jumapili, saa tano kasoro

Na umwambie kabla ya kulala, si asubuhi akikimbilia kazini. Wanawake tukipewa habari asubuhi tunaitafuna siku nzima tukiwa peke yetu.

Fundi_Kariobangi, Alhamisi, saa moja jioni

Nimerudi. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba nitarudi.

Tulienda Jumanne, kituo cha afya cha serikali, mimi nikakosa nusu siku ya kazi na yeye akahamisha wateja wawili wa kusuka. Foleni ilianza saa moja na nusu, tukaingia saa nne. Aliyetuona ni mama wa makamo. Nilianza kumweleza habari ya mshono, akasema vua tuone, maneno baadaye. Alivaa glavu, akavuta taa, akaangalia labda kwa dakika mbili. Nilichoogopa miezi miwili kiliisha kwa dakika mbili.

Ukingoni: maumbile. Shina: tezi za mafuta. Alisema kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma orodha ya bei. Alipofika kwenye kinena alisimama, akabonyeza kimoja taratibu, akamwita mwanafunzi wake aje aone kitovu. Ni kile Afisa alichosema. Aliniambia naweza kuandikiwa barua niende kliniki ya ngozi vigandishwe, au nivumilie vijiondokee. Vitatu tu, nimeamua kuvumilia. Wembe marufuku hapo, na nikienda kazini nivae chupi ya kubana kidogo ili nisijikune ovyo.

Damu tulitoa wote wawili, kidole, tukaketi kwenye benchi nje. Mzee wa Maabara, nilikukumbuka. HIV hakuna, kaswende hakuna, kwake na kwangu. Turudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu kuna kipindi ambacho kipimo hakioni. Zile dakika za benchi sikuzipenda. Yeye alikuwa anasuka ukingo wa kitenge chake, anafumua, anasuka tena.

Na yeye pia aliangaliwa. Ana vitovu viwili, paja la ndani. Alikuwa anavijua tangu Aprili, alidhani ni chunusi za joto, akanyamaza kwa sababu mimi nilikuwa na kidonda na hakutaka kuniongezea. Kwa hivyo ule unyamavu wa wiki jana haukuwa vile nilivyoufikiria. Nani alimpa nani, yule mama alisema hata yeye na maabara yake yote hawawezi kujua, na tusimuulize tena.

Nilibeba ile chupa. Aliinusa, akasoma karatasi iliyobandikwa, akaifunga kwenye mfuko wa taka za hospitali bila kusema kitu. Shilingi 1,500 zangu zikaenda hivyo. Nilipita kwa yule kemisti jioni, nikamweleza tu kwamba haikuwa hiyo. Aliniuliza kama nataka ya fangasi.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi mchumba aliniuliza huo mshono ninaoringa nao ni wa aina gani, wa stendi ya jiko au wa geti. Nikamwambia geti. Akasema ataukagua akishamaliza kununua taulo. Ya bluu ni yangu.